Azimio la Saba

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, kabla hata ya kushusha mkoba begani, karani wa Wakfu huchukua gazeti la jana, akalikunjua na kulitandaza sakafuni chini ya kiti cha wageni. Huzinyoosha kona zake kwa kiganja, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Hapo ndipo hukaa mezani kwake na kuanza kazi.

Tarishi wa ofisi, mzee mwenye mdomo usiojua likizo, alimbatiza jina la Mama Gazeti, na jina likamganda.

"Mama Gazeti, leo tunamngoja nani?" humuuliza. "Wakubwa wote wanaokuja hapa hawatandikiwi, ila huyo wako."

"Sakafu inachafuka, mzee wangu."

"Inachafuliwa na nani? Kiti hicho tangu wiki jana hakijakaliwa hata na inzi!"

Karani hutabasamu kidogo na kuinamia faili. Tarishi ni mgeni wa miaka mitatu tu pale, hakumkuta aliyekuwa akikaa kwenye kiti kile. Alikuwa mdogo wake karani, mvulana pekee wa mama yao, mfanyakazi wa kiwanda cha betri kilichoko mwendo wa robo saa kutoka ofisini. Kazi yake ilikuwa tanuri, mahali wanapovunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo ndani, yale madini mazito ya kijivu. Saa ya mapumziko ya mchana alikuja kula na dada yake, dakika ishirini tu, na viatu vyake viliacha vumbi sakafuni. Ndipo dada mtu akaanza kumtandikia gazeti.

"Dada, unanitandikia kama kuku anayetaka kuatamia," alikuwa akimtania. "Siku nikitaga utanipa likizo?"

Alikuwa amekufa miaka saba sasa. Gazeti liliendelea kutandikwa.

Na kulikuwa na siku, si nyingi, ambapo karani alipoinama jioni kulikunja alikuta juu yake vumbi la kijivu, mahali pawili, sambamba, ukubwa wa soli. Alijua dirisha lile halifungi sawasawa. Alijua upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda hufika mpaka mtaa ule. Alijua yote hayo. Hata hivyo gazeti la namna hiyo hakulitupa kwenye ndoo ya taka. Alilikunja vumbi likiwa ndani, taratibu, akalitia kwenye droo ya chini, na alipofunga droo mikono yake ilikuwa baridi.

Pia kulikuwa na kikohozi. Kilitokea nyuma ya makabati ya faili, kifupi, kikavu, si cha mgonjwa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayesafisha koo kwa sababu anataka kuuliza jambo.

*

Wakfu wenyewe uliachwa na mfanyabiashara mmoja aliyefariki bila mtoto. Aliacha nyumba ya ghorofa moja, ambayo ndiyo ofisi, na hisa za kampuni ya betri, kumi na moja kati ya kila mia. Gawio la hisa hizo ndilo linaloendesha zahanati ya bure na kuwasomesha watoto wasiojiweza. Karani aliingia pale akiwa msichana na sasa ana mvi mbele ya masikio. Kila karatasi ya hisa imepita mikononi mwake.

Desturi ya ofisi ilikuwa hivi. Kila mwaka, siku ishirini na moja kabla ya mkutano mkuu wa wanahisa, kampuni iliuletea Wakfu bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na ripoti yenye picha za kumetameta, orodha ya maazimio, na fomu ya uwakilishi ya ukurasa mmoja. Mwanahisa asiyekwenda mkutanoni huandika kwenye fomu ile jina la atakayepiga kura kwa niaba yake, na mbele ya kila azimio huweka alama, naafiki au napinga. Akiiacha tupu, mwenyekiti wa kampuni huzipiga kura zake atakavyo. Wakfu uliiacha tupu kila mwaka. Mkurugenzi wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kazi ya Wakfu ni kutibu na kusomesha, si kuwafundisha wenye kiwanda kazi yao. Alitia saini akiwa amesimama, karani akapiga muhuri, fomu ikapelekwa. Dakika tatu, pamoja na muda wa kutafuta wino.

Miaka tisa iliyopita maazimio yalikuja saba badala ya sita. La saba lililetwa na ushirika wa wafanyakazi, waliokuwa wamejikusanya wakanunua hisa chache, na kati ya majina kumi na mawili ya waliolipendekeza, la nne lilikuwa la mdogo wake. Lilitaka kampuni ipime damu za watu wa tanuri kila miezi sita na kuweka vichujio kwenye bomba la moshi. Karani alilisoma. Alilisoma mara mbili, maana ilikuwa ajabu kuliona jina la nyumbani kwao limepigwa chapa kwenye karatasi ya wakubwa.

Mkurugenzi akatoka chumbani kwake na koti mkononi.

"Iko tayari?"

"Tayari, bosi."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ya pumzi moja tu: bosi, hili la saba lina jina la ndugu yangu, naomba ulisome kwanza. Sentensi nzima aliijenga kichwani, nukta na vituo, kisha haya ikamkaba. Yeye ni nani, mpiga muhuri, ampangie mkubwa kazi? Na akidhaniwa anawatafutia ndugu zake upendeleo? Mkurugenzi alitia saini juu ya kabati, akavaa koti mkono mmoja baada ya mwingine, akaenda zake. Karani akapiga muhuri.

Azimio la saba lilianguka. Arobaini na tatu kwa mia waliafiki, hamsini na saba walipinga. Zile kumi na moja za Wakfu mwenyekiti wa kampuni alizitia kwenye kapu la kupinga, kama karatasi tupu ilivyomruhusu. Zingekwenda upande wa pili, azimio lingepita. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Wiki ile mdogo wake alikuja mchana kama kawaida. Alikaa, akaweka miguu juu ya gazeti, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kwa kuwa kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kulegea.

"Dada, tumeangushwa. Kuna mkubwa mmoja katuangusha, hatumjui ni nani." Akanywa. "Ninyi hapa mlipiga vipi?"

"Mimi karani tu," alijibu. "Mambo hayo ni ya wakubwa."

Mdogo wake alimtazama kidogo. Akasafisha koo kana kwamba ana neno jingine, kisha akalimeza pamoja na chai. Hakuuliza tena. Baada ya miaka miwili figo ziliacha kufanya kazi, na aliposhushwa kaburini mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kiasi kwamba walioosha maiti walilazimika kuufunga kwa kitambaa ili utulie.

*

Karani hakuwahi kuolewa. Baada ya msiba alihamia kwa wifi yake, mjane wa marehemu, ili nyumba isiwe kubwa mno kwa mtu mmoja. Wifi alikuwa fundi cherehani, mwenye maungo mazito na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, na wote wawili walilala cha nyuma, vitanda viwili na pazia katikati. Waliishi vizuri. Hilo ndilo lililokuwa baya. Wifi angekuwa mkali au mchoyo, siri ingekuwa nyepesi kubeba. Lakini wifi alimshonea magauni bila kupimwa, akamwekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa, na kila alipoletewa habari njema alianza kwa kusema, "Wifi yangu, wewe ndiye kwanza nakuambia."

Siri ya mtungi, wanasema, aijuaye kata. Karani alikuwa ndiye mtungi na ndiye kata.

Kisha Wakfu ukapata mkurugenzi mpya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti, mkali wa maswali. Mwezi wake wa kwanza daktari wa zahanati alimletea bahasha yenye majibu ya damu. Watoto sitini wa mtaa unaopakana na kiwanda walipimwa. Arobaini na mmoja walikuwa na risasi nyingi mwilini kuliko inavyostahili.

Wadhamini watano waliitwa. Karani aliketi pembeni akiandika kumbukumbu.

"Mimi nimechoka," daktari alisema. "Dawa ninazowapa watoto hawa zinanunuliwa na gawio la kiwanda kinachowaumiza. Ni sawa na kumfunga mtu kidonda huku umemkanyaga."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mdhamini mmoja akasema. "Tuuze hizo hisa kesho, tunawe mikono."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa karibu imekwisha. Karani aliandika neno *kuuza*, na nyuma yake, kwenye ukuta usio na mlango, mtu akasafisha koo.

Kalamu ilimwanguka. Wote wakamgeukia.

"Samahani," alisema. Akaona bado wanamtazama, akaona afadhali aseme kuliko kutazamwa. "Tukiuza, hisa haziendi mbinguni. Atazinunua mtu. Na huyo atakayenunua hataandika hata barua moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tuko karibu, na fimbo tunayo, ila hatujawahi kuiinua."

Tarishi, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alisahau kuliweka.

"Fimbo gani?" mkurugenzi aliuliza taratibu.

Karani akawaeleza. Kwamba mwanahisa ana haki ya kuonana na bodi. Kwamba mwenye tano kwa mia au zaidi anaweza kuleta azimio lake mwenyewe, mradi lifike kwa katibu wa kampuni siku arobaini kabla ya mkutano, kwa mkono, lipokelewe kwa saini. Kwamba wanahisa wengine wanaweza kuombwa kuunga mkono, na rejista ya majina yao inaruhusiwa kusomwa na mwanahisa yeyote, pale pale kiwandani, siku za kazi. Aliyasema yote bila kushika karatasi. Miaka tisa alikuwa akiyasoma maneno yale, kama mtu anayesoma ramani ya nyumba baada ya nyumba kuungua.

"Ulikuwa wapi wewe?" mdhamini aliyetaka kuuza alimuuliza, akicheka.

Hakujua kwamba hilo lilikuwa swali.

*

Walianza kwa mazungumzo. Mkurugenzi na karani walikwenda kiwandani, wakapewa chai kwenye vikombe vyenye nembo ya kampuni. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye adabu na sauti ya redio, aliwaonyesha picha.

"Mwaka jana tumepanda miti elfu tatu," alisema.

"Hongera, mwenyekiti," mkurugenzi alijibu. "Lakini miti haina figo."

Aliweka mezani mambo matatu. Damu za wafanyakazi na za watoto wa jirani zipimwe kila miezi sita na majibu yatangazwe. Vichujio viwekwe. Na pawe na chumba cha kuoga na kubadili nguo, ili vumbi lisirudi nyumbani na baba. Mwenyekiti aliahidi kulifikiria. Ziliandikwa barua tatu. Jibu la kwanza lilikuwa kurasa mbili, la pili ukurasa, la tatu mistari minne. Basi likaandikwa azimio.

Karani alilipeleka mwenyewe, siku arobaini na tatu kabla. Alisubiri mpaka saini ya mpokeaji ikauke. Kisha akaanza kuzunguka kwa wanahisa wengine na nakala mkononi. Kwenye mfuko wa pensheni za walimu alipokelewa na mzee mmoja aliyesoma ukurasa mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nyie Wakfu?" alisema. "Sisi hili tuliliafiki mara ya kwanza, mama. Tuliwatarajia, tukawatazama, hamkuja. Nyie ndio mliotuacha njiani."

"Ni kweli," karani alisema.

"Basi angalau mmechelewa. Kuna wasiofika kabisa."

Nyumbani wifi alikuwa amekuwa mtu mwingine. Hisa kumi za marehemu zilikuwa bado kwa jina la familia, na ushirika wa wafanyakazi ulimchagua azungumze mkutanoni. Jumapili mchana alisimama mbele ya kioo cha wateja, ameshika chaki ya kuchoria nguo kama kipaza sauti.

"Waheshimiwa wanahisa! Wifi, nianze na 'waheshimiwa' au 'ndugu'?"

"Ndugu."

"Ndugu wanahisa, mimi ni mjane... Aa, nikianza na ujane wataona naomba sadaka. Nianze na mkono wake. Jinsi alivyokuwa anashika kikombe." Akageuka. "Mbona umenuna kama umekalia pini? Ukifa wewe tutakuzika na stepla."

"Wifi," karani alisema. "Kuna jambo."

"Kama ni gauni lako la mkutano, bado mikono tu."

"Si gauni. Ni kura ya mwaka ule."

Wifi akashusha chaki. Akaketi kwenye kiti cha cherehani, mguu wake ukagusa pedali, sindano ikashuka mara moja bila kitambaa.

"Unajua," alisema polepole, "huwa namfikiria huyo mtu. Huyo mkubwa. Marehemu aliondoka bila kumjua. Wala simchukii, wifi, ni uongo nikisema namchukia, mtu usiyemwona utamchukia vipi? Nataka uso tu. Nikiwa na uso wake nitajua niuweke wapi." Akajifuta shavu kwa mgongo wa mkono. "Enhe. Ulikuwa unasemaje?"

Uso ulikuwa mbele yake, umbali wa hatua mbili. Karani aliutazama kwenye kioo cha wateja, uso wake mwenyewe, mdomo umefunguka nusu. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani kikohozi kilisikika, kifupi, kikavu. Wifi hakugeuka. Hakusikia kitu.

"Nilikuwa nasema ya mwaka huu itapita," karani alisema.

"Amina," wifi akajibu, akachukua chaki yake.

*

Siku tisa kabla ya mkutano barua ya kampuni ilifika. Ilikuwa fupi na ya heshima. Bodi ilishangaa kuona Wakfu ukidai leo jambo uliloshiriki kuliangusha jana, na ilitarajia kuwakumbusha wanahisa hivyo. Nakala ya fomu ya zamani iliambatanishwa. Saini ya marehemu mkurugenzi. Muhuri, umenyooka, katikati ya mahali pake. Karani hakuwahi kupiga muhuri upande.

Mkurugenzi alimwita, akafunga mlango.

"Hii ni kazi ya mkono wako?"

"Muhuri ni wangu."

"Usiogope. Nimeuliza wadhamini wote. Wanasema zama zile fomu zilikuwa zinapita tu, hakuna aliyezisoma. Nikiulizwa nitasema hivyo hivyo, ilikuwa desturi mbaya ya ofisi na tumeiacha. Hakuna atakayekunyooshea kidole. Wewe hukujua."

Ilikuwa sentensi ya hisani. Ilikuja imepigwa pasi, ikimngoja aivae. Karani alifungua mdomo, akaufunga, na mkurugenzi akachukulia ukimya ule kuwa shukrani.

Alipotoka, gazeti chini ya kiti cha wageni lilikuwa limekunjika kona moja, kama limekanyagwa na mtu aliyesimama kwa haraka.

*

Mkutano ulifanyika ukumbi wa hoteli, viti vya kitambaa chekundu, chupa ndogo za maji kila mahali. Wafanyakazi wa ushirika waliketi nyuma, wamebanana pamoja ingawa viti vilikuwa tele. Karani alikuwa mstari wa tatu, pembeni ya mkurugenzi, na fomu ya mwaka huu mapajani. Safari hii haikuwa tupu. Mbele ya azimio lao aliweka alama kwa wino mweusi, akaipitisha kalamu mara ya pili.

Wifi alipoitwa alisimama bila karatasi. Aliwaambia kuhusu kikombe. Mume wake alikuwa mtu wa kubeba betri mbili kwa mkono mmoja, alisema, na mwisho alikuwa akinywa chai kama mtoto, kwa mikono miwili, na akijaribu kufanya mzaha ili asionekane. "Hakuna aliyempima," alisema. "Angepimwa angeondolewa tanurini. Tanuri lingepata mtu mwingine, na huyo naye angepimwa. Hayo tu ndiyo aliyoyaomba. Na aliyaomba hapa hapa kwenu, kwa karatasi, kwa adabu." Akaketi. Kiyoyozi kilisikika kikidondosha maji.

Mwenyekiti alimshukuru kwa sauti yake ya redio. Akampa pole. Kisha akainua karatasi.

"Lakini kwa haki ya wote, ukweli usemwe. Jambo hili lilikwishaletwa, likaanguka. Na waliolipendekeza leo, Wakfu, kura zao kumi na moja kwa mia zilikuwa miongoni mwa zilizoliangusha. Saini hii hapa. Muhuri huu hapa."

Minong'ono ilianza nyuma. Karani hakugeuka. Hakuhitaji. Alihisi macho ya mtu mmoja yakimgusa kisogoni, mtu aliyejua muhuri wa Wakfu unakaa mezani kwa nani.

Mkurugenzi akasimama. "Ni kweli, mwenyekiti, na tunaona haya. Zama zile fomu zilikuwa zikipigwa muhuri bila kusomwa. Mwenye hisa asiyesoma anachokitia saini ni mshirika wa kila baya linalofuata. Tumekuja kurekebisha hilo. Tunaomba na wengine wasome kabla ya kupiga."

Kura zilikusanywa kwenye masanduku mawili ya mbao, zikahesabiwa meza ya mbele na mkaguzi mbele ya watu wote. Ilichukua dakika arobaini. Mzee wa mfuko wa walimu alikuwa akisinzia. Kwenye kiti kitupu kushoto kwa karani palikuwa na baridi isiyotokana na kiyoyozi, na hakukuwa na kikohozi. Mara hiyo aliyekuwa akitaka kuuliza alikuwa kimya, kama aliyempisha mwingine.

"Waliopinga," mkaguzi alisoma, "arobaini na sita kwa mia. Walioafiki, hamsini na nne. Azimio limepita."

Nyuma watu walilipuka. Kofia zilirushwa, mtu akapiga kigelegele, mkurugenzi alimkumbatia karani na kumwambia sikioni, "Fimbo yako! Fimbo yako hiyo!" Kampuni ilikuwa na miezi sita kuanza kupima. Watoto wa mtaa ule wangepimwa. Ilikuwa kweli, na ilikuwa njema, na karani alisikia tarakimu tu. Arobaini na tatu ongeza kumi na moja. Miaka tisa wenzao walikuwa wamesimama pale pale walipoachwa, wakingoja kura za Wakfu.

Alitoka ukumbini, akasimama kwenye ujia. Zulia lilikuwa zito, halikutoa sauti ya hatua, kwa hiyo hakujua wifi yuko nyuma yake mpaka alipogeuka. Uso wa wifi haukuwa na kicheko wala machozi. Ulikuwa uso wa fundi anayepima.

"Hamsini na nne," wifi alisema. "Mimi hesabu zangu ni za utepe, lakini hii nimeiweza. Nyie mngekuwa upande huu mara ile, ingekuwa hiyo hiyo."

"Ndiyo."

"Na muhuri ni wako."

"Ni wangu."

Mlango wa ukumbi ulifunguka, kelele za furaha zikamwagika, ukafungwa tena. Wifi alisubiri zipungue.

"Bosi wako kasema zilipigwa muhuri bila kusomwa. Nimesikia, na nataka kuamini, Mungu anajua nataka. Yule alikuja kwako kila mchana. Alikaa na wewe." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea chumba cha mgonjwa. "Nakuuliza moja tu, wifi, na sitakuuliza tena maishani. Ile ya mwaka ule uliisoma?"

Sentensi ya hisani ilikuwa bado pale, imenyooshwa, na ukumbi mzima ulikuwa umeishuhudia. Karani alimtazama machoni.

"Niliisoma," alisema.